Umeme Ulipoacha Kuniuma

Kama umeanza kusoma haya huku unajitazama mkono, weka simu chini kwanza. Chukua uzi au unyoya wa kuku, fumba macho, mwambie mtu akupitishie juu ya ngozi. Ukiuhisi, endelea kusoma taratibu. Usipouhisi, acha kusoma, nenda kituo cha afya leo hii. Maneno yangu utayakuta ukirudi. Mimi sikupata mtu wa kuniambia hivyo, na bado nina hasira. Watu husema hasira hasara. Yangu imenirudishia kiti changu, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Naitwa Mama Zaina. Nilizaliwa Kabambare, nikaolewa Kasongo, na kazi yangu ni kuchapa. Nilijifunza shuleni, kwenye zile mashine nzito za chuma, kwa vidole kumi na bila kutazama vidole. Miaka mingi nimechapa kwa Papa Kasimu, mwenye sekretariati ya chumba kimoja karibu na soko. Ina kibao mlangoni, benchi moja la wateja, printa moja inayokohoa, na kompyuta moja ya kukunja ambayo betri yake ilikufa kabla mimi sijafika. Betri iliyokufa maana yake ni hii: jenereta ya jirani ikizimika, kompyuta inazimika palepale, na chochote ambacho hukukihifadhi kinakwenda nayo.

Kwa sababu hiyo tuna desturi yetu. Mteja anakaa kando yangu, anasoma sentensi moja kwa sauti, ananyamaza. Mimi nachapa, nahifadhi, natikisa kichwa, naye anasoma nyingine. Wateja wetu wamezoea mno. Kuna mwalimu mmoja niliyemchapia mitihani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wake wanasema hata darasani sasa anasema sentensi moja, anakaa kimya, anangoja mtu atikise kichwa.

Kuhifadhi ni vitufe viwili, Ctrl na S. Kidole kidogo cha kushoto kinashika Ctrl, kidole cha pete kinagonga S. Ctrl ya upande wa kulia iling'oka zamani na hakuna aliyeirudisha. Nawaomba mvikumbuke vidole hivyo viwili, kwa sababu ndivyo ugonjwa ulivyovichagua.

Kompyuta ile ilikuwa inauma. Ukiweka kifundo cha mkono kwenye ukingo wake wa chuma, unasikia kama sisimizi wanakutembelea. Ni umeme mdogo unaovuja kwa kuwa hakuna waya wa kuupeleka ardhini, ule ambao mafundi wanauita waya wa terre. Papa Kasimu aliahidi kuuleta Zaina wangu akiwa bado hajaanza shule. Zaina sasa anasuka nywele za wenzake.

Basi sisimizi walipoanza kupanda kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, na kunifuata nyumbani, na kunifuata hata shambani ambako hakuna waya wala taa, watu wote walisema neno moja, umeme.

"Ni courant ya mashine, Mama Zaina," alisema Papa Kasimu. "Itakuzoea tu."

Nami nilikubali. Nilikunja kipande cha kitenge nikakiweka chini ya kifundo. Nilivaa kandambili za plastiki kazini. Mume wangu, Shabani, alinisugua mafuta ya mawese yenye chumvi kila jioni. Halafu asubuhi moja ya masika niliweka mkono wa kushoto kwenye ule ukingo wa chuma, na kukawa kimya. Sisimizi wamekwenda! Nilicheka peke yangu, nikamwita Papa Kasimu aje aone.

"Si nilikuambiaka?" akapiga makofi. "Sasa muko marafiki, weye na mashine."

Nikatupa kile kitenge. Wiki nzima nilimsimulia kila mteja jinsi nilivyoushinda umeme. Laiti mmoja wao angeniuliza kama mkono wa kulia nao umeacha kuumwa. Mkono wa kulia ulikuwa unaumwa kama kawaida.

Mvua zilipopungua, vidole vile viwili vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, na havikunyooka hata nikivivuta kwa mkono wa pili. Shabani akaogopa. Akanipandisha pikipiki kunipeleka kwetu Kabambare. Barabara ile kila anayeijua anajua sina haja ya kuieleza. Tulishuka na kusukuma kuliko tulivyopanda. Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, alinipokea, akautazama mkono, akaamua kabla sijanywa maji.

"Hii ni sumu. Kuna mutu anataka kiti yako ya kazi."

Akaletwa mganga. Alinichanja kwa wembe kuanzia kiwiko hadi vidoleni, akapaka unga mweusi. Damu ilitoka, mimi nikawa natazama kana kwamba anachanja muhogo. Sikusikia kitu. Mganga akasimama, akawaangalia ndugu zangu wote, akasema, "Hasikii maumivu. Dawa imeingia." Yaya Feza akapiga vigelegele. Kuku akachinjwa. Nilimla yule kuku, na alikuwa mtamu.

Siku chache baadaye nilikuwa nikigeuza mahindi kwenye jiko la makaa, nikasikia harufu ya nyama. Ilikuwa nyama yangu, kidole cha pete, kimelala juu ya kaa. Yaya Feza alikimbia na majivu, lakini uso wake ulikuwa na furaha. "Ona sasa! Hata moto haimuwezi tena."

Nimekuwa nikifikiria jambo hili kuliko jambo lolote la ugonjwa wangu. Kila nilipopoteza kitu, watu walinishangilia. Walinipenda, sisemi hawakunipenda. Nilipotezwa na watu walionipenda, huku wakipiga makofi, na nikikumbuka nataka kuvunja sahani.

Nilirudi Kasongo na chale mkononi na plasta kidoleni, nikakaa kwenye kiti changu. Mteja wangu mkubwa wakati ule alikuwa Infirmier Djuma, muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwa anamaliza masomo yake, na mimi nilikuwa namchapia ile kazi ndefu ya mwisho ambayo bila hiyo huitwi msomi. Alisoma sentensi, akanyamaza, nikachapa, nikahifadhi, nikatikisa kichwa. Asubuhi yote ikaenda hivyo. Halafu jenereta ikakohoa ikazimika.

Ilipowashwa tena, sura nzima haikuwepo.

Mjue kwamba Djuma ni mtu mpole, lakini siku ile alipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja mlangoni. Papa Kasimu naye akapiga kelele zake juu ya zile. Mimi niliapa kwamba nilihifadhi kila sentensi. Djuma akatoa mkobani kurasa alizochukua siku ya nyuma, ili anionyeshe kazi nzuri ilivyo. Akaanza kuzigonga kwa kidole, kisha akapunguza kugonga, kisha akaacha. Baada ya kila nukta kulikuwa na herufi s, moja, peke yake, ukurasa mzima.

"Mama Zaina, hizi s zote ni za nini?"

Sikujua. Wala sikuwa nimeziona.

"Hifadhi kidogo, nione."

Nikahifadhi kama nilivyohifadhi maelfu ya mara. Kwenye kioo ikatokea s. Kidole changu kidogo kilikuwa kimelala juu ya Ctrl kama kitambaa, hakibonyezi chochote, nami kichwani mwangu nilikuwa na hakika kimebonyeza. Djuma akaacha mambo ya masomo. Akanishika kiwiko, akapapasa ndani yake, akaugeuza mkono wangu juani. Pale kulikuwa na baka la rangi hafifu ambalo mimi nilisingizia sabuni. Akavuta uzi kwenye mshono wa mkoba wake.

"Fumba macho. Ukisikia naugusa, sema."

Nikafumba. Nikangoja aanze. Nilipochoka kungoja nikafumbua macho, naye alikuwa amekwisha kumaliza, anakunja uzi.

"Mama," akasema, "hii ni ukoma."

Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akinisomea sentensi zake, kubwa na safi, ili nisikose hata herufi. Benchi lote lilisikia. Nilipogeuka, watu wote walikuwa wamesimama. Mama mmoja aliacha picha zake za pasipoti kwenye printa na hakurudi kuzichukua. Na yule mtu, mimi mwenyewe nilikuwa nimemchapia ukurasa mzima kuhusu kutunza siri ya mgonjwa!

Papa Kasimu hakuniambia kwamba amenifukuza. Aliniambia nipumzike "mpaka itapona", akamkalisha mpwa wake Papy kwenye kiti changu. Kabla Papy hajakaa, alichota petroli ya jenereta, akalowesha kitambaa, akaisugua kompyuta yote, kitufe kwa kitufe, ili kuua ugonjwa. Petroli haikuua ugonjwa wowote, kwa maana haukuwepo pale. Iliua herufi. A ikafutika, Z ikafutika, namba zikafutika, hata zile picha ndogo za safu ya juu. Kibodi ikabaki nyeusi tupu. Na Papy anachapa kwa vidole viwili, anaitafuta kila herufi kwa macho kama mtu anayechambua mchele.

Baada ya siku chache Papa Kasimu alikuja hadi barabarani mbele ya nyumba yangu, ameibeba kompyuta ndani ya mfuko wa mchele. Akaiweka chini mbali na mlango.

"Kaa nayo tu, Mama Zaina. Ile mashine iko ya kwako sasa."

Nilitaka kumrushia mashine yake. Sikumrushia, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kuinua mfuko.

Sasa niwaambie kuhusu benchi la kituo cha afya, kwa kuwa mtakaa pale. Wagonjwa wa ukoma na wagonjwa wa kifua kikuu wanapewa siku moja. Sisi tuliogopa kikohozi chao, wao waliogopa ngozi zetu. Benchi lilikuwa tupu, na sote tumesimama juani pande mbili, tunatazamana kama watu wa kesi ya shamba. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja mkulima kutoka njia ya Kabambare, Mama Bitondo, anayechechemea kwa vidole vya mguu vilivyopungua. Akakaa katikati kabisa ya benchi, akatanua kikwembe chake.

"Mukae basi," akasema. "Kila mutu na yake."

Nikakaa. Ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo daktari yeyote angepaswa kunifundisha: kwamba macho sasa ndiyo ngozi yangu. Kila jioni kabla jua halijazama nautazama mkono wote, kidole kwa kidole, kutafuta jeraha ambalo halikuniambia kuwa lipo. Jikoni nafunga kitambaa kinene kabla sijashika sufuria. Hadi leo nafanya hivyo.

Dawa ni bure, na zinakuja kwenye plaquette, kadi moja kila mwezi, kwa mwaka mzima. Nilianza kuhesabu maisha kwa kadi hizo. Kadi ya kwanza, niliumeza ule mkupuo wa kwanza mbele ya muuguzi, nikaenda chooni nikaona mkojo mwekundu, nikapiga kelele majirani wakaja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba dawa inafanya hivyo. Nawaambia mimi: mkojo utakuwa mwekundu, usipige kelele. Kadi ya tatu, ngozi yangu ilianza kuwa nyeusi ya kahawia kama samaki aliyekaa juu ya moshi. Nilikuwa mwanamke mweupe kidogo na nikijivunia weupe ule, nisiseme uongo. Jirani mmoja akaniuliza ninapaka nini. Nikamwambia napaka petroli.

Kiangazi kilipokolea, wakati watu wanachoma mashamba, kiwiko kilivimba na kuwaka moto, na mkono uliokuwa bubu ukaanza kupiga mayowe. Wakanipa vidonge vingine vya kupoza mshipa. Vidonge hivyo vilinipa uso wa mviringo na njaa isiyo na adabu. Nilikula wali wangu, nikala wa Zaina, nikala ukoko. Watu wakasema Shabani ananinenepesha. Shabani yeye aliendelea kuwaambia watu kwamba nina courant. Alifikiri ananilinda. Nilimwambia kama ananilinda, alale kitandani kwake na siyo kwenye mkeka sebuleni. Akatoka kwenda kutazama betri ya panelo yake ya jua ya kuchajia simu, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Lakini aliyenikoroga roho ni mama yake. Mama mkwe wangu alifunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kikombe kimoja.

"Kikombe yako iko hii, binti yangu. Ya wengine usiguse."

Djuma alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kueleza kwamba mtu akishaanza dawa haambukizi tena, si kwa kikombe, si kwa sahani, si kwa mkeka. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha ndizi, na alipoondoka akasema, "Wao ndio wanasema." Uzi ukabaki.

Kadi ya tano nilikichukua kile kikombe, nikakiachia juu ya jiwe mbele yake. Sikuwa nimeteleza, na alijua. Vikombe vya nyumba ile vinahesabika. Ilibidi ama anipe kimoja cha wengine ama aninyime chai mbele ya wajukuu wake. Alisimama muda mrefu na birika mkononi. Kisha akanimiminia kwenye kikombe chake mwenyewe. Yeye hakunywa chai siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu kiu ilimshinda. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, ila siku hizi akipika sombe ya majani ya muhogo ananiletea ya kwanza, ingali ya moto, na ananikumbusha kufunga kitambaa.

Na kompyuta? Nilikaa nayo kwa kiburi. Shabani aliunga waya kwenye panelo yake, mchana jua likiwa kali nikaiwasha. Kuchapa herufi niliweza. Kibodi tupu haikunisumbua, mimi sijawahi kuitazama. Q na A na S nilizifikia kwa kuvuta kidole cha kati, kama mwanamke anayepika kwenye sufuria ya jirani. Tatizo lilikuwa kuhifadhi. Tena kidole kidogo kilikuwa kinaanguka ovyo juu ya kitufe cha herufi kubwa, mara moja, mara tano, na kila mara mashine inapiga mlio na kufungua kisanduku cha maneno. Kisanduku kile tunakijua sote. Kwa Papa Kasimu kila kilipotokea tulikitukana na kubonyeza "Non", yaani hapana. Nilikibonyeza "Non" miezi yote ile. Siku moja nikiwa nimekasirika kupita kiasi, nilikisoma, ili nijue natukana kitu gani. Kilikuwa kinauliza kama nataka kubonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya viwili kwa pamoja. Yaani kuna mtu mahali fulani aliyewafikiria watu wenye mikono kama wangu, akaweka mlango, na sisi Kasongo nzima tulikuwa tunaufunga bila kugonga.

Nikabonyeza "Oui", ndiyo. Ikasaidia, lakini ilikuwa polepole. Ctrl, halafu S, kila sentensi, na kidole cha kugonga Ctrl hakina nguvu. Ndipo macho yakaenda kwenye safu ya juu, vile vitufe vya F, kumi na viwili, vimekaa pale kama mashemeji kwenye karamu, wanakula na hawaoshi sahani. Kimoja kinapunguza sauti, kingine kinaongeza mwanga. Kimoja kabla ya petroli kilikuwa na picha ya ndege, na mimi ndege nimeiona ikipita tu. Na kile cha kwanza, F1, ni cha msaada. Ukikibonyeza kinatafuta mtandao, hakiupati, kinakuachia ukurasa mweupe. Nikasema: nyie mtafanya kazi.

Haikuwa siku moja. Kwanza vitufe vile havikutaka kuitika bila kushikilia kitufe kingine kiitwacho Fn, nacho kiko kushoto chini, upande wangu mgonjwa. Niliizima mashine nikaiwasha tena nikigonga kitufe hiki na hiki mpaka ukafunguka ukurasa wake wa siri, Kiingereza kitupu. Nilisoma mstari kwa mstari na kamusi ya Zaina, nikaupata mstari unaohusu vitufe vya F, nikaubadilisha. Sasa vikaitika vyenyewe. Kisha kwenye programu ya kuandikia nikaingia Outils, halafu Personnaliser, halafu Clavier, sehemu ya kupanga vitufe. Pale unachagua kitufe, unachagua kazi, unavifungisha ndoa. Miaka yote nimeipita sehemu hiyo kama mtu anavyopita mbele ya msikiti wa watu wengine.

Kuhifadhi nilikuweka kwenye F1, kwa kisasi. Hasira nayo ina ujinga wake: F1 iko kushoto mwisho, kwa vidole vilevile vilivyokufa. Siku nzima nikachapa na kuhangaika kabla sijakubali. Nikakuhamishia F9, pale kidole cha kati cha kulia kinapofika bila kusafiri. Kunakili F8, kubandika F10. Kuchapisha nikakupeleka mbali, F12, kusije kukaguswa kwa bahati mbaya na kumaliza karatasi za watu. Zaina akadondosha tone la rangi yake ya kucha juu ya F9, likakauka likawa kijinundu, nami nikawa nalihisi kwa kidole kizima. Sentensi, F9. Sentensi, F9. Nilichapa kurasa za Biblia, nikachapa mapishi, nikachapa matusi niliyomwandalia Papa Kasimu, yote yakahifadhiwa.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, kadi zikiwa zimebaki mbili, Infirmier Djuma alikuja uani na karatasi zake. Sura ile iliyopotea hakuwa amempata wa kuichapa vizuri. Nilimwacha asimame.

"Mama Zaina, nisamehe," akasema mwishowe. "Nilisema ile neno mbele ya watu."

"Basi rudi usemeshe watu walewale," nikamjibu. "Sura yako nitaichapa. Lakini siyo hapa. Nitaichapa pale Papa Kasimu, kwa kiti yangu, na weye utakaa karibu yangu, benchi lijae."

Akakuna kichwa, akakubali. Tukaenda asubuhi ya siku ya soko, yeye ameibeba mashine ndani ya mfuko uleule wa mchele. Papy, aliyekuwa akihangaika na mashine ya kuazima, alipotuona alisimama mwenyewe. Nadhani alikuwa akiiomba siku hiyo. Papa Kasimu akanionyesha meza ndogo nje, chini ya ukingo wa bati, ati nje kuna hewa nzuri.

"Papa Kasimu," nikasema, "hewa nzuri kaa nayo weye."

Nikakaa kwenye kiti changu. Watu wa benchi walianza kujisogeza mwisho. Djuma akavuta kigoda, akakaa hadi bega lake likagusa langu, akawageukia. "Mulinisikia ile siku," akasema. "Musikie tena na leo. Huyu mama anakunywa dawa, hawezi kumuambukiza mutu. Mimi ndiye niko muuguzi, na niko nimekaa hapa." Sauti yake ilikuwa ileile kubwa na safi. Kisha akafungua karatasi, akasoma sentensi, akanyamaza.

Nilichapa. F9. Nikatikisa kichwa.

Alisoma, nikachapa, na kila mara kidole changu kilipokwenda juu kwenye lile tone jekundu, nilihisi macho ya Papa Kasimu shingoni. Tulikuwa tumekaribia mwisho wa sura jenereta ilipokohoa. Kioo kikawa cheusi. Djuma akafumba macho. Jirani akavuta kamba ya jenereta mara tatu, ikashika, nikaiwasha mashine, nikafungua. Sura ilikuwepo yote hadi nukta ya mwisho, na baada ya nukta hapakuwa na s.

"Endelea," nikamwambia Djuma, na nikarudisha mikono mahali pake.

Hapo ndipo kitu kilipotembea kwenye kifundo changu cha kushoto. Kidogo sana, upande wa nje tu, kama sisimizi mmoja aliyepotea njia. Nikainua mkono, nikaurudisha juu ya chuma. Akatembea tena.

"Courant!" nikapiga kelele. "Inaniuma! Inaniuma!"

Watu wakaruka, Papy akakimbilia kuchomoa waya, nikamzuia. Nilikuwa nalia na kamasi zinatoka, mbele ya benchi zima, na Djuma aliyeelewa alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa karatasi ya sura yake. Papa Kasimu peke yake alikuwa hajaelewa. Akaniinamia kwa huruma, akaanza kuniambia usijali Mama Zaina, ni courant tu, itakuzoea.

Sikumbuki yote niliyomwambia. Nilimtaja yeye na petroli yake na hewa yake nzuri. Nilimwambia alete waya wa terre siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, na akome kumwambia mtu yeyote tena katika chumba kile kwamba kitu kinachomuuma kitamzoea. Akaapa ataleta.

Kadi ya kumi na mbili nimeimaliza. Vidole viwili bado vimejikunja na Djuma anasema huenda vitabaki hivyo. Waya haujaletwa. Kila asubuhi nikifika, kabla sijagusa F9, naweka kifundo cha kushoto juu ya ukingo wa chuma na kungoja. Umeme ukiniuma, namtukana Papa Kasimu, naye ananijibu, ndipo namwita mteja wa kwanza.